Upana wa shingo ya gitaa la besi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na wapiga besi wa kila aina, na mengi yake nilijiuliza mwenyewe nikiwa na bisibisi mkononi na shingo iko mezani. Jambo moja nitalirudia mpaka lizoeleke: kabla hujanunua shingo, pima kitako chake (mwisho wa shingo unaoingia kwenye bodi) na pima mfuko wa besi yako (nafasi iliyochongwa kwenye bodi kupokea kitako). Upana unaousikia mkononi ni suala la kupenda. Upana wa kitako ni suala la kuingia au kutoingia.

Mtu akisema "shingo ya 38" au "shingo ya 41", anasema nini hasa?

Anataja upana wa shingo kwa milimita pale penye nati. Nati ninayoisema hapa si ile ya bolti. Ni kile kipande cha mfupa, plastiki au shaba chenye vijinafasi vinne, kinachoshika nyuzi mahali kichwa cha gitaa kinapokutana na ubao wa vidole. Huo ndio upana wa mwanzo wa shingo. Kutoka hapo shingo hutanuka kidogo kidogo kuelekea kwenye bodi, na besi nyingi za nyuzi nne hufika kitakoni zikiwa na milimita 62 hadi 63 na ushee.

Kwa hiyo namba moja ya kwenye nati haikuambii shingo nzima ikoje. Inakuambia freti za mwanzo, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole, zitakuwaje mkononi, basi.

Mbona kila mazungumzo ya upana yanarudi kwenye Precision na Jazz?

Kwa sababu besi nyingi sana duniani zimechongwa kwa kuzifuata hizo mbili. Mmarekani Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951, na Jazz Bass ikafuata mwaka 1960. Precision za miaka ya hamsini zilikuwa na shingo pana, inchi 1 na robo tatu kwenye nati, yaani milimita 44.5. Baadaye upana uliozoeleka kwa Precision ukawa inchi 1 na 5/8, milimita 41.3. Jazz ilikuja na shingo nyembamba ya inchi 1 na nusu, milimita 38.1, na mpaka leo huo ndio upana unaoitambulisha.

Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Fender kilianza kuzitambulisha shingo zake kwa herufi iliyogongwa kwenye kitako: A ni inchi 1 na nusu, B ni 1 na 5/8, C ni 1 na robo tatu, na D ni 1 na 7/8. Ukifungua besi ya zamani ya Fender ukakuta herufi B mwishoni mwa mstari wa muhuri, umeshapata jibu bila kupima. Ndiyo maana wazee wa kazi hii hadi leo husema "shingo ya A" wakimaanisha nyembamba, hata kama ni ya kampuni nyingine kabisa.

Music Man StingRay, iliyotoka mwaka 1976, nayo iko karibu na milimita 41. Rickenbacker nyingi ziko kati ya hapo na Precision za miaka ya hamsini, kama 43. Ukizijua namba hizi chache, utaweza kusoma maelezo ya karibu besi yoyote na kuifananisha na uliyoizoea.

Tofauti ya milimita tatu tu, mkono utaihisi kweli?

Utaihisi, ila si kila mahali. Chukua shingo mbili za urefu sawa, moja ya 38.1 na nyingine ya 41.3, zote zikiishia kwenye kitako cha upana mmoja. Kwenye nati zinapishana milimita 3.2. Ukifika freti ya 5 tofauti imeshuka hadi kama milimita 2. Freti ya 12 hazifiki hata milimita moja. Juu ya hapo mkono wako hauwezi tena kujua uko kwenye shingo ipi.

Nafasi kati ya uzi na uzi nayo inafuata mwendo huohuo. Kwenye nati ya Jazz, kutoka katikati ya uzi mmoja hadi katikati ya uzi wa pili ni kama milimita 10, na kwenye nati ya Precision ni kama 11. Milimita moja inaonekana ndogo ukiiandika. Lakini cheza F ya freti ya kwanza kwenye uzi wa E, ule mnene kuliko yote, kisha ruka hadi kwenye uzi wa G, ule mwembamba wa upande wa pili, bila kuutazama mkono: kidole kilichozoea Jazz kitatua kabla ya uzi. Nimeona wapiga besi wazuri sana wakikosea noti tatu nne za mwanzo wanapokabidhiwa besi ya mtu mwingine, halafu wakatulia.

Swali la kujiuliza basi ni hili: wewe unacheza wapi? Kama muziki wako mwingi unakaa kati ya nati na freti ya 5, upana wa nati ni jambo kubwa kwako. Kama unaishi juu ya freti ya 7, hela ya shingo mpya pengine ingefanya kazi zaidi mahali pengine.

Mikono yangu ni midogo. Ninunue shingo nyembamba?

Hapa nakuomba usikimbilie kununua. Watu wengi wanaolalamikia upana, ukiwatazama wanavyocheza, wanateswa na urefu.

Besi ya kawaida ina inchi 34 kutoka nati hadi daraja, kile kipande kwenye bodi kinachoshika mwisho wa pili wa nyuzi. Kwenye besi hiyo, kutoka freti ya 1 hadi freti ya 4 ni kama milimita 130. Ukitaka kuweka kila kidole kwenye freti yake, hiyo ndiyo hatua ambayo vidole vinne vinatakiwa kuipanua. Shingo iwe ya 38 au ya 45, hatua hiyo haibadiliki hata kwa unywele. Besi fupi ya inchi 30 inaishusha hadi kama milimita 114. Milimita 15 na zaidi zimepungua, na mkono mdogo unashukuru papo hapo.

Fanya jaribio hili. Shika G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E. Kama maumivu au ugumu unatokea unapotaka kufikia freti za pembeni, kushoto au kulia, tatizo ni urefu. Kama ugumu unatokea unapotaka kutoka uzi wa G kurudi E, kidole gumba kikiachia mgongo wa shingo na kifundo cha mkono kikikunjika kama ndoano, hapo upana unahusika.

Na kuna dawa isiyouzwa. Wapiga besi kubwa ya kusimama hutumia vidole vitatu katika nafasi za chini: cha shahada, cha kati, kisha cha pete na cha mwisho pamoja kama kidole kimoja. Ukiutumia mtindo huo hadi freti ya 5, besi ndefu inalegea mikononi. Vilevile jaribu kupandisha mkanda wa begani ili shingo ikae juu kidogo. Kifundo kikinyooka, shingo iliyoonekana pana juzi inaweza kuwa ya kawaida leo.

Nani anafaidika na shingo pana?

Mwenye vidole vinene, kwanza kabisa. Kama ncha ya kidole chako inaugusa uzi wa pili na kuuzima kila unapobonyeza, milimita moja ya nafasi ni msaada mkubwa. Pia anayecheza akordi za noti tatu karibu na nati. Mtu aliyetokea kwenye besi ya kusimama naye mara nyingi huona shingo ya Jazz inambana.

Upana hauamui mtindo wa muziki, ingawa watu husema hivyo. Mpiga besi James Jamerson alijenga mistari ya besi ya Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, yenye noti nyingi na mizunguko mingi, juu ya Precision ya mwaka 1962. Mpiga besi mwenzake Jaco Pastorius alifanya yake juu ya Jazz Bass isiyo na freti. Ukisikiliza tu huwezi kusema nani alikuwa na shingo pana.

Nilipima shingo mbili zina upana mmoja, lakini moja naiona nene sana. Kwa nini?

Kwa sababu mkono hausomi upana peke yake. Unasoma mzunguko wote: upana wa mbele, unene wa nyuma, na jinsi mgongo wa shingo ulivyochongwa. Shingo ya milimita 41 yenye mgongo bapa na unene wa milimita 20 kwenye freti ya kwanza inaweza kupita mkononi kwa wepesi kuliko ya milimita 38 iliyojaa mviringo na kufika 23. Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Wananunua namba ya nati, kumbe walichokuwa wanakipenda kwenye besi ya rafiki yao ni mgongo.

Kuna na kingo. Shingo mpya huwa na kingo kali pale ubao wa vidole unapoishia. Shingo iliyochezwa miaka mingi kingo zake zimelainika na kuviringika, na mkono huihisi nyembamba kuliko kipimo chake. Fundi anaweza kuviringisha kingo za shingo mpya kwa kisu na msasa mwembamba katika muda wa saa moja au mbili. Mimi nimemaliza malalamiko kadhaa ya "shingo pana" kwa njia hiyo tu, na besi ikarudi kwa mwenyewe na shingo yake ileile.

Mviringo wa ubao wa vidole nao una sauti katika hili. Fender za zamani zina mviringo wenye nusukipenyo cha inchi 7.25, ubao umejikunja waziwazi. Za kisasa nyingi zina 9.5 au 12, yaani ubao ni bapa zaidi. Kwenye shingo pana ubao bapa huongeza hisia ya upana, kwa sababu kidole kinasafiri mbali bila kushuka.

Napimaje vizuri?

Tumia kalipa, kile kifaa cha kupimia chenye taya mbili. Rula ya shule itakudanganya kwa nusu milimita, na nusu milimita kwenye kitako ndiyo inayotenganisha shingo iliyokaa na shingo iliyokataa.

Pima vitu hivi ukiandika: upana kwenye nati; upana kwenye freti ya 12; unene kwenye freti ya 1 na ya 12; kisha ufungue shingo upime upana wa kitako mwishoni kabisa na mahali kinapoanzia kuingia kwenye bodi. Pima unene wa kitako pia, kutoka chini hadi juu ya ubao wa vidole, mara nyingi ni karibu na milimita 25. Halafu geukia bodi: upana wa mfuko mahali pawili, urefu wake, na kina. Tazama pembe za mfuko. Zingine ni karibu mraba, zingine ni za mviringo, na kitako cha mraba hakiingii kwenye mfuko wa mviringo bila kuchongwa.

Mwisho, pima kutoka ukingo wa nati unaotazama freti hadi katikati ya freti ya 12. Kwenye besi ya inchi 34 utapata milimita 431.8. Mara mbili ya namba hiyo ndiyo urefu wa uzi. Shingo yoyote utakayonunua lazima ikupe namba hiyohiyo, la sivyo besi yako haitatunika popote isipokuwa kwenye nyuzi zilizo wazi.

Shingo ya Jazz inaingia kwenye bodi ya Precision?

Kwa Fender na zile zilizotengenezwa kwa vipimo vya Fender, mara nyingi sana ndiyo. Kitako ni cha upana uleule, urefu wa uzi ni uleule, skrubu nne zimekaa sehemu zilezile. Ndiyo sababu mchanganyiko wa bodi ya Precision na shingo ya Jazz umekuwa wa kawaida mpaka viwanda vyenyewe vinauza hivyo. Kinyume chake pia kinawezekana.

Angalia mambo mawili. Jazz kadhaa za miaka ya 1970 zilifungwa kwa skrubu tatu badala ya nne, na shingo hizo haziendi kwenye bodi ya skrubu nne bila kuzibwa na kutobolewa upya. La pili, shingo yenye freti 21 huwa na ubao wa vidole unaojitokeza mbele ya kitako. Mara nyingi inaingia, lakini hakikisha ulimi huo haukai juu ya kigao cha plastiki kinachofunika uso wa bodi na kuinyanyua shingo.

Ukitaka shingo mpya isiyo ya besi nyingine, Warmoth na Allparts za Marekani zimekuwa zikiuza shingo zilizochongwa kwa ruhusa ya Fender, na huwa zinaandika vipimo vya kitako. Muuzaji anayeandika "inafaa besi zote" bila namba hata moja, mwulize namba. Mimi nilimwamini mmoja. Kitako kilikuwa milimita 64.5 na mfuko wangu 62.8. Nikasukuma kwa kiganja nikidhani rangi tu ndiyo inayozuia. Nikasikia mlio mdogo, kama yai linapogongwa ukingoni mwa bakuli, na mstari mwembamba ukatokea kwenye rangi kutoka pembe ya mfuko hadi karibu na pikapu, kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi. Mstari huo upo hadi leo. Shingo isiposhuka kwa kusukumwa na vidole viwili, itoe.

Besi zipi siwezi kabisa kuzibadilisha shingo?

Zile ambazo shingo imegundishwa kwenye bodi, na zile ambazo mbao ya shingo inapita katikati ya bodi hadi mwisho. Geuza besi yako. Ukiona bamba la chuma lenye skrubu, au skrubu zilizozama kwenye bodi pale shingo inapokutana nayo, inabadilishika. Usipoona, chagua besi nyingine.

Naweza kuweka shingo fupi kwenye bodi ya besi ndefu?

Si kwa kuhamisha tu. Shingo ya inchi 30 ina freti zilizopangwa kwa urefu wake, kwa hiyo daraja lazima lisogee mbele, na pikapu nazo zitakuwa mahali pengine kuhusiana na uzi. Vitako vya besi fupi mara nyingi vina vipimo tofauti pia. Mtu anayetaka besi fupi anunue besi fupi.

Nimeshapata shingo inayoingia. Naifungaje isije ikakaa upande?

Hii ndiyo sehemu ya kuchukua muda. Nitaieleza kama ninavyoifanya.

Legeza nyuzi kabisa kabla ya kugusa skrubu ya shingo. Kisha legeza skrubu zote nne kidogo kidogo, kwa kupishana pembe, mpaka zitoke. Shingo ya zamani ikigoma, usiipinde kuelekea juu. Itikise kwa upole huku umeshika kitako, kwa sababu rangi mara nyingi imegandana na mbao, na ukivuta kwa nguvu itatoka na kibanzi.

Weka shingo mpya. Kama tayari ina matundu na yanalingana, bahati yako. Kama haina, usitoboe bado. Kwanza tafuta mstari. Funga mashini mbili za kutunia, ya E na ya G, weka nyuzi hizo mbili, zikaze kiasi cha kunyooka tu, huku shingo imebanwa kwenye mfuko kwa klampu yenye kipande cha ngozi au kitambaa chini yake. Sasa tazama kutoka juu kwenye freti ya mwisho. Uzi wa E uwe na umbali uleule kutoka ukingo wake kama uzi wa G kutoka wa kwake. Ukiona G imebakiwa na milimita 2 na E ina 5, sogeza kichwa cha gitaa upande wa E, kwa kiasi kidogo sana, na utaona G ikirudi ndani. Kwenye shingo nyembamba kosa hili linaumiza zaidi: G itakuwa inateleza nje ya ubao kila unapoivuta.

Nyuzi zikishalingana, pitisha kitu chenye ncha kali kwenye matundu ya bodi na utie alama kwenye kitako. Toa shingo. Chagua biti ya drili yenye unene wa kiini cha skrubu, yaani ule mwili wa katikati ukiacha meno yake. Shika biti mbele ya skrubu kwenye mwanga: biti iufiche mwili, meno yaonekane pande zote mbili. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina cha kusimama, kwa sababu upande wa pili kuna ubao wa vidole na hutaki kuutokea. Kina hicho ni urefu wa skrubu ukitoa unene wa bamba na unene wa bodi pale chini ya mfuko. Toboa wima. Kisha paka skrubu nta ya mshumaa kabla ya kuiingiza. Mbao ya shingo ni ngumu, na skrubu kavu inaweza kukatika kichwa ikabaki humo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: skrubu inatakiwa kupita kwenye bodi bila kung'ata. Meno yang'ate kwenye shingo tu. Kama yanang'ata kote kuwili, utakaza mpaka uchoke na bado patabaki nafasi kati ya kitako na mfuko, nafasi unayoweza kupitisha karatasi. Panua matundu ya bodi kidogo mpaka skrubu ishuke kwa uzito wake.

Baada ya kufunga na kutuni, mimi hulegeza skrubu zote robo ya mzunguko huku nyuzi zikiwa na mvuto. Wakati mwingine unasikia shingo ikitulia kwa mlio mfupi, "tk". Kisha nakaza tena.

Matundu ya zamani kwenye shingo hayalingani na bodi yangu. Nifanyeje?

Yazibe kwanza. Kipande cha mbao ngumu kilichochongwa mviringo, gundi ya mbao, subiri usiku mzima, kata kwa patasi, halafu toboa upya. Vijiti vya kuchokolea meno vinafaa pale tundu limelegea kidogo tu. Usivitumie kwa tundu linalotakiwa kuhamia milimita 2 pembeni, kwa sababu biti itafuata njia ya zamani na skrubu itaingia mshazari.

Nyuzi zimekuwa juu sana, au zinalala kwenye freti, baada ya kubadilisha. Shingo ni mbovu?

Huenda kitako cha shingo mpya ni kinene au chembamba kuliko cha zamani. Kama daraja limeshuka hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu, weka kibanzi chembamba kwenye mfuko upande ulio karibu na daraja. Robo hadi nusu milimita inatosha mara nyingi, maana mabadiliko madogo pale yanakuwa makubwa kwenye freti za juu. Kama ni kinyume, nyuzi ziko chini mno na daraja limepanda hadi mwisho, kibanzi huenda upande wa mbele wa mfuko, ule unaotazama kichwa cha gitaa. Kibanzi cha mbao kilichochongwa kama kabari, kinachojaza mfuko wote, ni bora kuliko kipande cha kadi.

Lazima nibadilishe daraja pia?

Kwa Jazz na Precision, hapana. Nafasi ya uzi hadi uzi darajani ni karibu milimita 19 kwa zote mbili. Shingo nyembamba inafanya nyuzi zifunguke kwa pembe kubwa zaidi kutoka nati kwenda darajani, basi. Mkono wako wa kulia hautajua kitu.

Sauti itabadilika?

Upana wenyewe hauna mchango unaoweza kuutegemea. Shingo mpya inaweza kubadilisha sauti kwa ugumu wake na uzito wake. Utaona hilo zaidi kwenye noti zinazokufa mapema: besi nyingi za mtindo wa Fender zina mahali kati ya freti ya 5 na 7 kwenye uzi wa G ambapo noti haidumu kama jirani zake. Ukibadilisha shingo mahali hapo panaweza kuhama, kupungua au kuongezeka. Kama shingo yako ya sasa inaimba vizuri pale, hilo ni jambo la kulithamini kabla ya kuiweka kabatini.

Naweza kuibadilisha nati tu, au kuipunguza shingo kwa msasa?

Nati, ndiyo, kwa mipaka. Fundi anaweza kuchonga nati mpya yenye nyuzi zilizosogeleana, ukapata nafasi za Jazz juu ya shingo ya Precision. Ni kazi ya gharama ndogo na unaweza kurudisha ya zamani kesho yake. Kupanua zaidi ya kingo za shingo haiwezekani.

Kupunguza upana kwa msasa, usifanye. Utakata ncha za freti, utafikia alama za pembeni, na kingo zitapishana na kitako. Mgongo wa shingo ndio unaoweza kupunguzwa, na kwa uangalifu, kwa sababu ndani yake kuna trasirodi, ile nondo ya chuma inayozuia shingo isipindwe na nyuzi. Kama kero ni mgongo kunata jasho, sugua rangi ya kung'aa kwa msasa mwembamba sana mpaka iwe ya kufifia.

Besi ya nyuzi tano je?

Nati zake ziko zaidi kati ya milimita 45 na 48, na kitako ni kipana zaidi, kwa hiyo shingo hizo haziendi kwenye bodi za nyuzi nne. Cha kuangalia kwanza ni nafasi ya nyuzi darajani. Kuna besi za milimita 16.5, kuna za 19, na tofauti hiyo mkono wa kulia unaihisi kuliko mkono wa kushoto unavyohisi nati.

Shingo ya zamani niiuze?

Iweke. Tangu mwaka 1976 Fender walianza kuandika namba ya utambulisho kwenye kichwa cha gitaa, badala ya kwenye bamba la nyuma, kwa hiyo shingo ikiondoka namba inaondoka nayo. Kwenye besi za nyuma ya hapo, tarehe iliyogongwa kitakoni ni sehemu ya ushahidi wa umri wake. Mnunuzi wa besi ya zamani atauliza, na bei itategemea jibu. Ihifadhi imelala bapa, mbali na joto na unyevu, trasirodi ikiwa imelegezwa kiasi kwa sababu hakuna nyuzi za kushindana nayo. Kama besi ni ya miaka ya 1950 au 1960 na iko nzima kama ilivyotoka kiwandani, mimi nisingeigusa hata skrubu moja. Ningenunua besi nyingine.

Niipe shingo mpya muda gani kabla ya kuihukumu?

Mbao inahitaji siku chache kuzoea mvuto wa nyuzi. Tuni, iache usiku kucha, kisha pima. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 na kwenye ile inayokutana na bodi, halafu tazama nafasi chini ya uzi karibu na freti ya 7 au ya 8. Takriban milimita 0.3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikizidi, kaza trasirodi robo ya mzunguko, tuni tena, subiri. Ikikosekana kabisa, legeza robo. Rudia kupima baada ya wiki. Trasirodi ikigoma kuzunguka, acha, mpelekee fundi.

Mkono nao upe wiki mbili za kucheza kila siku, nyimbo zilezile unazozijua. Cheza umekaa na umesimama, kwa sababu kifundo hukaa tofauti. Siku tatu za kwanza utakosea nyuzi na utadhani umepoteza hela. Kama baada ya wiki mbili bado unajikuta unatazama mkono wa kushoto ili kupata uzi wa A, rudisha shingo ya zamani. Matundu yake yako palepale.